Vifurushi vya basi vipimwe kwa mzani, si kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wateja hutulalamikia kila siku, na ambalo sisi wauzaji wa mtandaoni tumezoea kulijibu kwa kuomba radhi badala ya kulitafutia dawa: gharama ya kutuma mzigo mikoani. Mimi huuza khanga, vitenge na madera kwa simu. Nguo nazinunua Kariakoo, picha nazipiga nyumbani Tabata, na zaidi ya nusu ya wateja wangu wako nje ya Dar es Salaam. Katika miaka minne ya kazi hii nimeona kwamba mteja anayepatana nawe vizuri kuhusu bei ya nguo hunyamaza ghafla pale unapomtajia nauli ya mzigo.

Mwaka jana mama mmoja wa Kahama aliagiza doti moja ya khanga kwa shilingi 14,000. Ofisi ya basi ilitaka 8,000, na bodaboda wa kuufikisha mzigo stendi alitaka 7,000, kwa hiyo safari ilikuwa ghali kuliko khanga yenyewe. Nilipomtumia hesabu hiyo, aliniuliza kwa upole kama khanga yake imekatiwa tiketi ya kiti cha dirishani. Sikuwa na jibu. Doti ile haikufika hata nusu kilo.

Tangu mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, anayetokea Kariakoo hulazimika kwenda takriban kilomita 20 kabla mzigo haujapanda basi. Abiria huumia mara moja kwa safari yake, lakini sisi tulikuwa tukiumia kwa kila oda, kwa sababu tulikuwa na tabia ya kukimbilia stendi mara tu mteja anapolipa, kana kwamba khanga itaoza. Siku hizi natuma Jumanne na Ijumaa tu, na mteja nampa taarifa hiyo kabla hajalipa. Hakuna aliyewahi kuniacha kwa sababu ya kusubiri siku chache, hasa kwa kuwa mabasi yalirejeshewa ruhusa ya kusafiri usiku mwezi Oktoba 2023, na mzigo wa Mwanza unaopokelewa jioni huweza kuwa mjini humo siku inayofuata. Aidha, si lazima kila kitu kifike Mbezi. Baadhi ya kampuni za mabasi zina ofisi zinazopokea vifurushi maeneo ya Shekilango, na kwa anayekaa Tabata hiyo ni nauli ya daladala tu.

Hatua iliyonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kuacha kutuma peke yangu. Tuko wauzaji wanne, mmoja wa viatu, mmoja wa vipodozi, mmoja wa nguo za watoto na mimi, ambao wote tuna wateja Mbeya. Kila Ijumaa tunaweka vifurushi vyetu katika kiroba kimoja, kila kifurushi kikiwa kimefungwa kivyake na kuandikwa jina na namba ya simu ya mteja kwa kalamu isiyofutika, kisha tunakishona na kukituma kama mzigo mmoja kwa dada mwenye duka dogo la nguo karibu na stendi kule. Yeye huupokea, huwapigia wateja, na kwa kila kifurushi tunamlipa shilingi 1,000. Kiroba chenye vifurushi kumi na viwili hutugharimu 20,000. Ukigawanya, na ukiongeza ile elfu moja ya dada, kila mteja analipa chini ya 3,000 mahali ambapo zamani alilipa 8,000. Nakiri kwamba mpango huu unategemea kuaminiana, na kwamba kiroba kikipotea hupotea riziki ya watu wanne. Tulishaonja hilo: kiroba kimoja kilikaa wiki mbili katika ofisi ya basi ambayo sitaitaja, na kila tulipopiga simu tuliambiwa kwamba kijana anayehusika ametoka kidogo. Tangu hapo tunapiga picha ya kiroba kikiwa mikononi mwa karani, pamoja na stakabadhi yake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha barua hii. Katika ofisi nyingi za vifurushi nilizowahi kuingia sikuona mzani. Karani hunyanyua mzigo kwa mkono mmoja, huutikisa kidogo, humtazama mwenye mzigo kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha hutaja bei. Wakati mmoja nilipeleka vifurushi vitatu vya vitenge vya yadi sita, vyote vikiwa na uzito uleule kwa mzani wa kuning'iniza ambao mchinjaji wa mtaani kwetu hunikopesha, vyote vya Dodoma, kwa siku tatu tofauti. Nilitozwa 5,000, kisha 7,000, kisha 10,000. Nilipouliza ni kwa nini, niliambiwa kwamba siku ile mizigo ilikuwa mingi. Tangu nianze kufika dirishani na uzito ulioandikwa juu ya kifurushi kwa herufi kubwa, bei imekuwa ikishuka bila mimi kubembeleza, jambo linaloonyesha kwamba hata karani alihitaji tu kitu cha kushikilia.

Linganisha na Posta, ambayo wengi wetu tumeisahau tukidhani ni ya barua za wazee. Pale dirishani mzigo huwekwa juu ya mzani mbele yako na bei husomwa kwenye jedwali. Kwa kifurushi chepesi kinachokwenda wilaya isiyopitiwa na basi la moja kwa moja, mara kadhaa nimelipa kidogo kuliko kwenye basi, ingawa mteja alisubiri zaidi. Kwa wateja wangu wachache wa Muscat hesabu iko wazi zaidi: kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa kina ukomo wa kilo 2, na ndani ya uzito huo doti nne za khanga zinaenea. Kampuni za kusafirisha kwa ndege, kwa upande wao, hazitazami uzito peke yake. Nyingi huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na iwapo jibu ni kubwa kuliko kilo halisi, unalipia jibu. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 huhesabiwa kuwa kilo 7.2 hata kama ndani yake mna madera ya kilo 3. Niliwahi kulipia hewa kwa namna hiyo, na sasa nguo zote nazikunja, nazikandamiza na kuzifunga kwenye mfuko laini. Maboksi yamebaki ya kuhifadhia vitunguu.

Wenye mabasi watasema, na wana haki, kwamba buti halijazwi na kilo peke yake, kwa kuwa godoro jepesi linaweza kuchukua nafasi ya magunia mawili. Basi na waweke vipimo viwili, uzito na ukubwa, kama wanavyofanya wenzao wa ndege, mradi vijulikane kabla mtu hajafika dirishani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga ukomo wa nauli ya abiria kwa kilomita, na abiria wa Mbeya anaweza kumbishia konda akiwa na namba mkononi. Huduma ya vifurushi nayo ina leseni inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya buchani na ya wanunuzi wa pamba. Sioni ugumu wa taasisi hizo tatu kukaa pamoja na kuagiza kwamba kila ofisi ya vifurushi iwe na mzani uliokaguliwa, iwe na jedwali la bei ukutani kwa kilo na kwa kituo, na itoe stakabadhi inayoonyesha uzito uliopokewa. Hilo la mwisho lina faida nyingine, kwani mzigo ulioingia ukiwa na kilo sita na kutoka ukiwa na nne utajieleza wenyewe.

Kwa wauzaji wenzangu naongeza jambo dogo. Kipande cha mwisho, kutoka stendi ya mkoani hadi mlangoni kwa mteja, hugharimu zaidi kwa sababu bodaboda huzunguka akiulizia "nyumba yenye mwembe". Vibao vya anwani za makazi vilibandikwa katika mitaa mingi mwaka 2022, kabla ya sensa. Mwombeni mteja jina la barabara na namba ya nyumba wakati wa kuagiza. Mteja wangu mmoja wa Morogoro alilazimika kutoka nje kuisoma namba yake mwenyewe, lakini bodaboda aliyekuwa akitoza 4,000 kumfikia sasa anatoza 2,000.

Muuza khanga na vitenge mtandaoni,
Tabata, Dar es Salaam