Ushindi wa Clare uliwapokonya kura walioupigania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze upande mmoja wa historia ya jimbo la uchaguzi la Clare, magharibi mwa Ireland, ambao husahauliwa kila Daniel O'Connell, wakili Mkatoliki, anaposifiwa kwa kuwafungulia Wakatoliki mlango wa bunge. Jimbo hilo lilipeleka wabunge wawili London tangu Ireland ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1801 hadi 1885, lilipogawanywa kuwa Clare Mashariki na Clare Magharibi, kila upande na mbunge wake mmoja. Clare Mashariki ndiko Éamon de Valera, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ireland, alikoshinda uchaguzi mdogo wa mwaka 1917, lakini habari ninayoikusudia ni ya miaka 89 kabla yake.

Mwaka 1828 mmoja wa wabunge wa Clare, William Vesey-FitzGerald, aliteuliwa waziri wa biashara, na kwa sheria ya wakati ule mbunge aliyepewa uwaziri alilazimika kurudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa yao upya. Hakuwa adui wa Wakatoliki. Yeye mwenyewe aliunga mkono wapewe haki zao. Ila O'Connell aliuona mwanya: hakuna sheria iliyomkataza Mkatoliki kugombea. Kilichomfungia mlango wa bunge ni kiapo, kwani kabla ya kuketi alitakiwa kutamka kwamba misa ni ibada ya sanamu.

Waliompa kura ni akina nani? Wengi walikuwa wakulima wadogo waliopanga mashamba kwa mikataba iliyodumu muda wote wa uhai wa watu waliotajwa ndani yake, na ambao mashamba hayo yalihesabiwa kuwaachia faida ya shilingi 40 (yaani pauni 2) kwa mwaka baada ya kodi. Mabwana wa ardhi waliigawa mikataba hiyo kwa wingi kwa sababu kila mmoja ulihesabiwa kuwa kura yao wenyewe. Kura ya siri ilikuwa haijaletwa (ilikuja mwaka 1872), hivyo mkulima alisimama mbele ya watu mjini Ennis na kumtaja kwa sauti mgombea wake, huku akijua kwamba bwana wake atapata habari na kwamba, kama anadaiwa kodi ya shamba, anaweza kufukuzwa. Hata hivyo walifika wakiongozwa na mapadre wao, na siku 5 za kupiga kura zilipokwisha O'Connell alikuwa na kura 2,057 dhidi ya 982 za waziri.

Serikali ya waziri mkuu, Duke wa Wellington, ilisalimu amri, lakini haikusahau. Tarehe 13 Aprili 1829, siku ileile sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kuingia bungeni ilipopata idhini ya mfalme, ilipitishwa nyingine iliyopandisha kiwango cha mpiga kura wa majimbo ya vijijini ya Ireland kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Wapiga kura wa majimbo hayo wakaporomoka kutoka takriban 216,000 hadi 37,000.

Wapo wanaotetea hatua hiyo kwa hoja kwamba wakulima wale walikuwa vibaraka wa mabwana zao, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Naipinga hoja hiyo kwa matokeo ya Clare yenyewe. Kwa miaka mingi kura zao zilipowafuata mabwana, hakuna waziri aliyeona haraka ya kuwanyang'anya. Kosa lao lilionekana walipothubutu kujiamulia. O'Connell naye asiachwe kando katika lawama hii, maana tangu mwaka 1825 alikuwa amekubali kwamba haki ya Wakatoliki inunuliwe kwa bei hiyohiyo.

Sheria mpya ya kuwaruhusu Wakatoliki kuingia bungeni haikumgusa O'Connell, aliyechaguliwa kabla yake. Mei 1829 alifika bungeni, akaonyeshwa kiapo cha zamani, akakikataa, na kiti kikatangazwa kuwa wazi. Julai alirudi Clare na kupita bila kupingwa, katika jimbo ambalo wengi wa wale waliomchagua mwaka uliotangulia walikuwa wameshafutiwa haki ya kupiga kura.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako