Kesi iliyofutwa imefufuliwa, na safari hii shahidi ni mama

Shikamoo shangazi. Hivi kunakucha na sijalala.

Ile kesi ya shamba ilifutwa mwaka jana. Kiongozi wa mashtaka alisema anaiondoa, hakimu akaniambia niende zangu. Sasa nimeshtakiwa tena, kosa ni lile lile la kughushi sahihi ya marehemu baba, karatasi ni zile zile. Kilichoongezeka ni jina la mama kwenye orodha ya mashahidi.

Sikughushi kitu. Baba alitia sahihi akiwa na akili zake timamu na kaka anajua, maana yeye ndiye aliyempa baba kalamu.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inakataza mtu kushtakiwa tena kwa jambo ambalo alishahukumiwa au kuondolewa hatiani. Nimekisoma hadi nimekikariri. Lakini wakili anasema mimi sikuondolewa hatiani. Mashtaka yaliondolewa tu chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya kesi za jinai, kabla sijatakiwa kujitetea, na hilo haliwazuii kunishtaki upya. Eti wangeyaondoa nikiwa nimeshatakiwa kujitetea, ningekuwa nimepona kabisa. Mashahidi wao walijikanyaga mbele ya hakimu, sasa wamepewa muda wa kujipanga. Hiyo ni haki?

Lakini mama, shangazi! Mara ya kwanza alikataa kuandikisha taarifa, akasema hawezi kuchagua kati ya watoto wake. Sasa nimepewa taarifa yake, kurasa mbili, chini kuna alama ya kidole gumba. Anasema sahihi ile si ya mumewe. Mama hajui kusoma, sahihi ataitambuaje?

Sitaki hata kumwona. Mimi ndiye nilikuwa nikimpeleka kliniki ya presha, kaka hata jina la dawa halijui. Na dawa zenyewe zinaisha wiki hii. Masharti ya dhamana yananikataza kuwasiliana na mashahidi, na wakili ameniambia nisithubutu. Je, nikimtumia pesa za dawa kwa simu, bila neno lolote, watasema nimemhonga? Simwombi abadilishe ushahidi wake, ingawa akitaka anaweza. Au nimpe nani ampelekee, ikiwa nyumba nzima iko upande wa kaka? Tafadhali nijibu upesi, na usiniambie nimsamehe kwanza.