Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hospitali ya Wajerumani, Dalston

Ndugu wanachama,

Kazi yetu kubwa mwaka huu imekuwa Hospitali ya Wajerumani ya Dalston, mashariki mwa London. Rasimu nyingi mlizoleta zinasema vita ndiyo iliyoifunga. Sivyo.

Ilifunguliwa Oktoba 1845 ikiwa na vitanda 12, katika jengo lililokuwa makao ya yatima. Wajerumani wengi wa upande ule walikuwa vibarua wa viwanda vya kusafishia sukari: joto, mvuke, sukari inayochemka. Aliyeungua akifikishwa hospitali ya Kiingereza, hakuweza kumweleza daktari kinachomuuma. Ndiyo maana sharti la kulazwa lilikuwa lugha, wala si uraia. Mswisi maskini aliyesema Kijerumani alipokelewa sawa na Mjerumani wa Prussia. Waingereza wa mtaani nao walitibiwa wakipatwa na ajali. Wauguzi walikuwa mashemasi wa kike kutoka Kaiserswerth, Ujerumani, na Florence Nightingale, Mwingereza aliyekuja kuwa muuguzi mashuhuri, alikwenda kuwatazama kazini 1846. (Joseph Conrad, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Poland, alilazwa humo 1891 na maradhi aliyorudi nayo kutoka Kongo.)

Sasa kuhusu vita. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita wauguzi Wajerumani wakiendelea na kazi. Katika ya pili, Mei 1940, wafanyakazi Wajerumani walikamatwa na kupelekwa kizuizini katika kisiwa cha Isle of Man, lakini Waingereza walishika nafasi zao. Kilichokatika hapo ni sura yake ya Kijerumani. Hospitali yenyewe ilibaki. Mwaka 1948 ikaingia Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, 1974 ikageuzwa ya wagonjwa wa akili na wazee, na ikafungwa 1987, baada ya hospitali mpya ya Homerton kufunguliwa jirani. Jengo la matofali mekundu la 1864 na lile la 1936 bado yapo. Watu wanaishi humo.

Wanaotafuta majina: nyaraka zimehifadhiwa pamoja na za hospitali ya St Bartholomew. Anzeni na mwaka, jina lifuate, kwa sababu majina hayatulii. Müller huweza kuwa Muller, Mueller au Miller; Schmidt akawa Smith. Mkikuta mwandiko wa zamani wa Kijerumani, jihadharini na herufi e, maana hufanana kabisa na n.

Na msiichanganye na Hospitali ya Wajerumani ya New York. Ile ilibadilishwa jina 1918 ikawa Lenox Hill, na haijafungwa.