Kabla hujanunua RAM, pima uliyonayo

"Fundi, niongezee RAM, kompyuta imekuwa nzito." Dukani kwetu hapa Majengo, Dodoma, hilo ni ombi la kawaida kabisa. Ukimuuliza mteja ana RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikiwa kazini) kiasi gani, inayotumika ni ngapi na inatumiwa na programu ipi, mara nyingi hana jibu. Tungeweza kumuuzia tu akaondoka. Lakini RAM ikishafungwa na kompyuta ikabaki nzito vilevile, aliyepoteza hela ni yeye, na sisi hatutaki hela ya namna hiyo. Ndiyo maana tunaandika haya, ili ujipimie mwenyewe ukiwa Kikuyu, Ihumwa au hata Mpwapwa. Hakuna programu ya kupakua.

Tuanze na Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

systeminfo

Subiri kidogo, itatoka orodha ndefu. Total Physical Memory ni RAM yote ambayo Windows inaweza kuitumia. Available Physical Memory ni ile iliyobaki kwa ajili ya programu. Zote ziko kwa MB. Pima kompyuta ikiwa kazini hasa, si asubuhi mara tu baada ya kuiwasha. Mwenye steshenari jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) apime wanafunzi wakiwa wamejaa kujaza maombi ya mikopo, Chrome ikiwa na kurasa kibao, Word iko wazi na skana inafanya kazi. Namba ya wakati huo ndiyo ya kuiamini.

Katika orodha hiyohiyo usiuruke mstari wa System Type. Ukikuta x86-based PC, Windows uliyowekewa ni ya biti 32, na hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukifunga GB 16. Jambo hili linatuuma sana, kwa sababu wapo watu wanaolipia RAM ambayo kompyuta yao haitaigusa kamwe. Wanachohitaji ni kuwekewa Windows ya biti 64, kama prosesa inaikubali.

Kujua programu inayokula RAM, andika:

tasklist /fi "memusage gt 300000"

Zitatokea zile zinazotumia zaidi ya MB 300 hivi kila moja. Kwa kuwa Chrome hugawa kurasa zake katika michakato mingi, chrome.exe inaweza kujirudia mara nyingi, jumlisha zote, ukikumbuka kwamba zile zilizo chini ya MB 300 hazionekani katika orodha hii. Ukifunga kurasa ulizozisahau tangu juzi na kompyuta ikapata nafuu, huna sababu ya kuja kununua kitu.

Kwa wanaotumia Linux, hasa wanafunzi wenye Ubuntu, fungua terminali uandike free -h. Utaona kitu cha namna hii:

total 7.6Gi, used 2.9Gi, free 312Mi, buff/cache 4.4Gi, available 4.0Gi

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Wanaisoma namba iliyo chini ya free, wanaona imebaki MB 312 tu, wanaamua RAM imekwisha. Haijaisha. Linux haipendi RAM ikae bure, hivyo nafasi isiyotumika na programu inaijaza mafaili yaliyosomwa karibuni, ili yakitakiwa tena yasifuatwe kwenye diski. Ni kama karani wa steshenari anayeacha fomu zinazoulizwa sana juu ya meza badala ya kuzirudisha kabatini. Akija mteja mwenye kazi kubwa, anazisogeza na meza inapatikana. Fomu hizo ndizo buff/cache. Namba ya kuitazama ni ile ya available, yaani makadirio ya RAM ambayo programu mpya zinaweza kuipata bila mfumo kuanza kuhamishia vitu kwenye diski. Kipimo hicho kiliingizwa kwenye kiini cha Linux toleo 3.14, mwaka 2014. Katika mfano wetu kimesoma GB 4, na kompyuta hiyo haina shida yoyote ya RAM.

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni wa kufuta hiyo buff/cache kwa amri ili "kuachia RAM". Tunakusihi usiufuate. Namba ya free itapanda kwelikweli, ila kompyuta itabidi iyasome upya mafaili yaleyale kutoka diskini, na utaiona ikizidi kuwa nzito.

RAM ikiwa ndogo kweli, dalili yake utaiona kwa vmstat 2. Puuza mstari wa kwanza, huo ni wastani tangu kompyuta iwashwe. Tazama safu za si na so katika mistari inayofuata. Zikikaa kwenye sifuri, au zikaruka mara moja moja, hakuna tatizo. Zikisoma namba kubwa mfululizo wakati unafanya kazi, mfumo unahamisha vitu kati ya RAM na diski bila kupumzika. Hapo njoo, tutakuongezea kwa moyo mweupe. Ctrl na C huisimamisha amri hiyo.

Tunaulizwa pia, wakati mwingine kwa hasira, kwa nini kompyuta ya GB 8 inaonyesha 7.6. Hujaibiwa. Sehemu hutengwa kwa ajili ya picha pale ambapo kadi ya picha imo ndani ya prosesa, na nyingine huchukuliwa na mfumo wenyewe tangu inapowaka.

Ukishajiridhisha kwamba unahitaji kuongeza, jua aina kabla ya kupanda gari kuja mjini. RAM ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na laptopu nyingine nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, hazina tundu kabisa. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -t memory. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select Capacity, SMBIOSMemoryType

Capacity ya 4294967296 ni GB 4. Aina ikiwa 24 ni DDR3, 26 ni DDR4, 34 ni DDR5.

Piga picha matokeo hayo pamoja na yale ya systeminfo au free -h, ututumie WhatsApp ukitaja modeli ya kompyuta na kazi unayoifanyia. Kusoma matokeo na kukushauri hatutozi. Tukiona RAM inatosha tutakuambia hivyo, na kama bado unatumia diski ya kuzunguka tutakueleza bei ya SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kwa sababu mara nyingi uzito unatokea huko.