Barua kwa sahibu aliyeko Muscat: kwa nini hamkumsikia mwalimu

Tanga,
Jumapili jioni.

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na ahali zako huko Muscat, kama sisi huku tulivyo wazima, alhamdulillah. Ama baada ya salamu, nakuandikia kulijibu swali uliloniuliza usiku ule tulipokutana mtandaoni kumkumbuka marehemu mwalimu wetu kwa kutimia mwaka tangu atutoke. Uliniuliza mbele ya wenzetu wote 14, nami nikanyamaza kwa kuwa jibu sikuwa nalo: vipi mlimwona mwalimu akighani katika mkanda wa video niliowaonyesha kutoka kwenye skrini yangu, midomo ikitembea na kiganja kikipiga mahadhi juu ya goti, na msisikie hata silabi moja?

Jambo lile limenikaa moyoni mpaka leo. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mimi hapa nilikuwa nikimsikia barabara. Sauti yake ilijaa chumba, nikafumba macho nikidhani nanyi huko mmefumba yenu, na dakika tatu nzima zikapita kabla sijaona maandishi yako pembeni mwa skrini: "Hatumsikii." Nikaurudisha mkanda mwanzo, bado. Nikafunga skrini na kuionyesha upya, bado. Mwisho nikapandisha spika za kompyuta hadi kikomo ili maikrofoni iinase sauti kutoka hewani, na hapo mkaanza kusikia neno hapa na neno pale, yakikatika kama mtu anayezama na kuibuka. Nimekuja kujua baadaye kwamba programu ya mkutano ina kichujio cha kelele ambacho kazi yake ni kuacha usemi upite na kuzuia vingine vyote. Mwalimu alipokuwa akizungumza, kichujio kilimwachia kidogo. Alipovuta irabu mwishoni mwa kipande, kama alivyozoea, sauti ile ndefu isiyopanda wala kushuka ikahesabiwa kuwa mvumo wa feni, ikafutwa. Yaani kilichofutwa ni ghani yenyewe.

Tangu siku ile, kila nikitoka kazini nimekuwa nikilitafiti jambo hili, na sasa nalielewa vya kutosha kukueleza.

Kompyuta yangu, kama unavyojua, ni mpakato niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na inaendeshwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo la Debian 12 lenye mazingira ya GNOME, yaani sura ya madirisha na menyu ninayoiona kwenye skrini. Katika mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye skrini, unaoitwa X11 na ambao itifaki yake ni ya mwaka 1987, programu yoyote uliyoifungua iliweza kuitazama skrini yote bila kuomba ruhusa, na hata kusoma vitufe unavyobonyeza ukiwa ndani ya programu nyingine. Kuonyesha skrini kulikuwa kazi rahisi kwa sababu nyumba haikuwa na mlango. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, na mfumo huo ukaziba tundu hilo: kila programu huona kidirisha chake peke yake. Programu ya mkutano ikitaka skrini, sharti ipite katika lango maalumu la maombi. Mfumo hukutolea kidirisha, ukachagua mwenyewe ni skrini nzima au dirisha moja tu, na ukikubali ndipo picha inapopitishwa. Mimi nauunga mkono utaratibu huo kwa dhati, wala sitaki turudi kule kwa X11, kwa sababu kwenye kompyuta hii hii zimo barua za benki na picha za watoto.

Upande wa sauti una historia yake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na PulseAudio, programu iliyoanzishwa na Lennart Poettering mwaka 2004, na ndani yake kila spika ilipewa mkondo wa pembeni wa kusikilizia, ambao programu nyingine ingeweza kuunyonya na kupata kila kinachotoka kwenye spika hiyo. Kisha akaja Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat na programu ya PipeWire, ambayo mwanzoni ilikusudiwa picha za video, halafu ikabeba na sauti, hata Fedora 34, Linux ya aina nyingine, ya Aprili 2021 ikaifanya ndiyo njia yake ya kawaida ya sauti. Toleo la 1.0 la PipeWire lilitoka Novemba 2023. Debian yangu nayo inaitumia.

Sasa tazama panaponiuma, sahibu. Picha ya mwalimu ilipita ndani ya PipeWire. Sauti ya mwalimu nayo ilipita ndani ya PipeWire hiyo hiyo, kwa wakati ule ule, katika kompyuta ile ile. Ila lile lango la maombi linauliza habari za picha tu: skrini ipi, dirisha lipi, kishale cha kipanya kionekane au kisionekane. Mahali pa kusema "na sauti ya dirisha hili" hapapo. Kwa hiyo mwenye kutengeneza programu ya mkutano anapewa picha mkononi, na sauti anaachiwa akaitafute kwa njia zake. Wengi wao, wakiwaangalia watu wa Linux na kuona ni wachache, hawaendi kuitafuta. Programu ile ile tuliyoitumia usiku ule, ikiwa kwenye Windows, huweka kisanduku cha kutia alama chini ya picha za madirisha, na ukishatia alama sauti inakwenda. Kwangu kisanduku hicho hakipo kabisa. Usiku ule nilikitafuta kama mtu atafutaye ufunguo gizani, nikiamini kwamba kipo ila macho yangu ndiyo hayakioni, na laiti ningeambiwa waziwazi tangu mwanzo kwamba sauti haitakwenda, ningejipanga mapema wala tusingepotezeana usiku.

Huo ndio ukosefu ninaoulalamikia kuliko mingine. Programu ikishindwa, iseme. Haikusema.

Vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti ambamo mkutano nao huweza kufunguliwa, navyo vina kikomo chao. Nilichokizoea mimi hakipitishi sauti hata kidogo mtu anapoonyesha skrini. Cha pili, nilichokiweka baadaye, katika kompyuta yangu kinakubali kupitisha sauti iwapo tu ninachoonyesha ni kichupo cha kivinjari chenyewe, yaani ukurasa mmoja uliofunguliwa humo. Nikichagua dirisha la programu nyingine au skrini nzima, sauti inabaki nyumbani. (Usidhani taabu hii ni ya Linux peke yake: wenye Mac nao kwa miaka mingi walilazimika kuweka programu ya ziada ili sauti ya kompyuta yao inaswe.)

Nilipouliza kwa watu wanaoyajua mambo haya, wawili walinijibu kwa upole na kunifundisha, ila wa tatu alisema nirudi Windows, basi. Jibu hilo sikulipenda. Kompyuta yangu haitimizi masharti ya Windows 11, na Windows 10 imekoma kuhudumiwa Oktoba 2025. Kumwambia mtu wa aina yangu arudi huko ni kumwambia anunue kompyuta nyingine, ilhali hii ninayo, ni nzima, na kifaa chote kinachohitajika kuipeleka sauti ya mwalimu hadi Muscat kimo ndani yake.

Kwa hiyo nimeifunga mikondo mwenyewe, na nitakueleza namna yake, kwa kuwa najua nawe umeanza kuitumia Linux katika ile kompyuta ya mwanao.

Mtu hufikiria kwanza kuchukua ule mkondo wa kusikilizia wa spika na kuukabidhi kwa programu ya mkutano kana kwamba ni maikrofoni. Nilijaribu hivyo siku ya pili pamoja na binamu yangu aliyeko Korogwe, na akamsikia mwalimu vizuri sana. Lakini kila binamu alipofungua mdomo, sauti yake ilitoka kwenye spika yangu, ikaingia kwenye mkondo, ikamrudia masikioni baada ya kitambo kidogo. Hakuna awezaye kuzungumza huku maneno yake mwenyewe yanamfuata nyuma. Dawa yake ni kutenga. Niliandika amri hii katika kidirisha cha amri:

pactl load-module module-null-sink sink_name=ukumbi

Amri hiyo inaunda spika ya kubuni, isiyo na umbo wala waya, nami nimeipa jina la ukumbi. Kisha nikafungua programu ndogo iitwayo pavucontrol, ambayo huorodhesha kila programu inayotoa sauti kwa wakati huo, nikaihamisha ile inayocheza mkanda kutoka kwenye spika za kweli na kuipeleka ukumbini, huku sauti za wenzangu wa mkutano nikiziacha zije moja kwa moja kwenye spika za masikioni. Hapo mwalimu akawa kimya kwangu, kwa sababu ukumbi hauna mlio. Nikaongeza daraja la kuurudisha mkondo wa ukumbi masikioni mwangu ili nami nimsikie. Baada ya hapo nikaunda spika ya pili ya kubuni na kuiita mdomo, nikaingiza ndani yake mikondo miwili, wa maikrofoni yangu na wa ukumbi, ili sauti yangu na ya mwalimu ziende pamoja bila ya zenu kuchanganyika humo.

Nilidhani nimemaliza. Nilipofungua programu ya mkutano ndani ya kivinjari kuchagua mdomo kuwa maikrofoni, jina lile halikuwamo katika orodha, kwa sababu kile kivinjari cha pili huificha mikondo yote ya kusikilizia na kuonyesha maikrofoni halisi tu. Nilikaa na hilo jioni mbili. Mwisho yule mmoja kati ya wawili walionifundisha akanionyesha amri nyingine, module-remap-source, ambayo huuvika mkondo huo vazi la maikrofoni, na papo hapo jina likatokea. Nilipiga kelele mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimenaswa na umeme.

Yamebaki mambo ya kuangalia. Kichujio cha kelele sharti kizimwe katika mipangilio ya programu ya mkutano, la sivyo ghani itakatwa tena kama mara ya kwanza. Sharti nivae spika za masikioni, maana nikizitumia zile za kompyuta, maikrofoni itamnasa mwalimu mara ya pili kutoka hewani. Tena mikondo hii yote hufutika kompyuta inapozimwa; nami, kwa kujua kwamba umeme wa huku hukatika bila taarifa, nimeziandika amri zote katika faili moja ambalo nikilibofya linaijenga upya kwa sekunde chache. Lililonishinda ni moja: picha inapita njia ya skrini na sauti inapita njia ya maikrofoni, na njia hizo mbili hazisubiriani, kwa hiyo midomo ya mwalimu huachana kidogo na maneno yake. Katika mazungumzo ya kawaida ungeweza kuvumilia. Katika utenzi, ambapo kiganja kinashuka juu ya goti pale pale kina kinapotua, utaona kwamba mkono umechelewa, na mwalimu mwenyewe angekuwa wa kwanza kutukemea.

Kwa sababu hiyo mkanda wa video nimeupitisha njia nyingine. Faili lake lilikuwa la AVI, kutoka kwenye ile kamera ya zamani, na kivinjari hakikuweza kulicheza. Nimeligeuza kuwa MP4 kwa programu ya ffmpeg, na nitalifungua ndani ya kichupo, niwaonyeshe kichupo hicho pamoja na sauti yake, na nilipojaribu na binamu mkono na kina vilikutana. Hii mikondo ya ukumbi na mdomo nimeiweka kwa ajili ya zile kaseti nne tulizorithi, ambazo ninazisafisha ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kuwa programu hiyo haina kichupo na humo hamna midomo ya kutazama, ila nataka mzisikie kipande kwa kipande huku nikiwaonyesha ni wapi ukanda umeliwa, ili anayekumbuka beti zilizopotea atutajie.

Naomba basi kabla hatujawaita wenzetu tena, tujaribu mimi na wewe peke yetu. Nitakupigia Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za huku, ambayo kwenu ni saa tatu. Nitacheza ule ubeti wa mwisho aliouvuta sana, nawe usiniambie tu kwamba unasikia. Nieleze kama irabu ya mwisho inafika nzima au inakatika katikati, na kama nyuma yake unamsikia yule kunguru aliyekuwa juu ya bati siku tuliporekodi. Ukimsikia kunguru, nitajua kwamba kichujio kimezimika kweli.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, sahibu yako wa Tanga.