Core i5-12400F au Ryzen 5 5600G? Anza na Herufi ya Mwisho

Wateja wengi wanaokuja kuundiwa kompyuta ya mezani wanatuuliza hivi: "Bosi, bei hazipishani sana, nichukue ipi?" Wanazungumzia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: Core i5-12400F ya Intel na Ryzen 5 5600G ya AMD. Zote mbili zina kore sita (vitengo vya kufanya kazi), zote zimeandikwa wati 65. Ukisoma boksi tu utadhani zimetoka tumbo moja.

Angalia herufi ya mwisho. F ya Intel maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha. Chomeka waya wa HDMI kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta): feni zitazunguka, taa zitawaka, monita itabaki nyeusi tii mpaka ununue kadi ya picha. Tunaletewa mashine kama hizi na watu walioagiza vifaa Dar, wakiamini wameuziwa kimeo. Wapi, kifaa ni kizima, ni bajeti tu haikufika kwenye kadi. G ya Ryzen ni kinyume chake, picha imo humo humo ndani.

Kwa hiyo kama una steshenari Chikongola, au unashika hesabu za korosho kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kazi yako ni kuandika, kuprinti na kuingia mtandaoni, tutakupa 5600G bila kusita. Ila ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ziwe mbili za GB 8, siyo moja ya 16. Picha ya ndani inakula ramu hiyo hiyo, na zikiwa mbili data inapita njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye gemu utaona tofauti kwa macho. Halafu Windows ikisema ramu inayotumika haifiki 16, usitujie juu, hujapunjwa. Kuna kiasi kimetengwa kwa ajili ya picha.

Mwenye kadi tayari, au anayefungua chumba cha gemu, achukue 12400F. Kore zake zina kasi zaidi, na inawasiliana na kadi kwa PCIe (njia ya data kati ya prosesa na kadi) ya toleo la 4.0 au zaidi, kutegemea mazabodi, wakati 5600G imeishia 3.0. Hilo si jambo dogo kwa kadi za bei ya chini: kadi ya RX 6500 XT ina njia nne tu za data, ukiipeleka kwenye 3.0 inapungua nguvu. Ila 12400F ikikazana hupanda hadi wati 117, na kwa joto letu la Mtwara mwezi wa 12, kuibana kwenye kabati la meza ni kuitesa.

Ubishi wa ipi itakaa na wakati tuuache. Soketi, yaani sehemu ya kuchomekea prosesa kwenye mazabodi, ni AM4 kwa 5600G na LGA1700 kwa 12400F, na zote mbili zimeshapata warithi.

Kabla hujaja dukani, geuza monita yako uangalie nyuma. Kama ina tundu la VGA peke yake, lile la bluu, tuambie mapema. Kadi za siku hizi hazina tundu hilo, lakini mazabodi kadhaa za 5600G bado zinalo, na utaokoa pesa ya monita mpya.