Pesa ya korosho Desemba, Ngazija Juni

Mhariri,

Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na malipo yakaanza kusoma kwenye akaunti, huku kwetu kusini maneno huwa mengi: mabati, bodaboda mpya, ada za shule. Lipo pia la kwenda kupumzika siku nne tano kisiwani, ng'ambo, pale wanaposema Kifaransa. Naomba nafasi katika safu yako niwaambie wasomaji wa Mtwara na Lindi kwamba wazo ni zuri, kisiwa kipo karibu, ila majira ndiyo yanayotuponza. Mtu anakata tiketi ya Desemba au Januari kwa kuwa ndipo pesa ipo mfukoni. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote.

Kisiwa chenyewe ni Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Kwa nini si vingine? Reunion na Mayotte ni Ufaransa kamili, na visa yake huipati kwa wiki moja. Mauritius na Shelisheli ni mbali na ghali. Toka Mtwara mjini hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, kwa mstari ulionyooka juu ya maji, ni kama kilomita 370. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya hapo.

Sasa majira. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni kaskazi: joto la kunata, mvua nzito, na vimbunga. Kenneth, Aprili 2019, ilipita kaskazini tu ya Ngazija kabla ya kupiga Cabo Delgado, na sisi Mtwara tuliambiwa tukae macho. Chido iliivunjavunja Mayotte tarehe 14 Desemba 2024. Hata pasipo kimbunga, njia ya kupanda mlima Karthala inateleza na kileleni ni ukungu mtupu, na boti za kwenda kisiwa cha Mwali zinaahirishwa.

Mei hadi Oktoba ni kiangazi chao. Lakini Julai na Agosti navyo vikwepe. Hapo Wakomoro waishio Ufaransa hurudi kwao kwa harusi kubwa, na wenyeji huwaita kwa utani "je viens", yaani "nakuja". Ndege hujaa, vyumba hupanda bei, magari ya kukodi hayashikiki. Kwa hiyo mwenye watoto aende Juni, shule zikifungwa. Asiye na watoto aende Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa kusi ukianza kulegea na nyangumi wakiwa bado wanaonekana kando ya Mwali. Mwezi wa Ramadhani nao uangalie kwenye kalenda kabla ya kulipa, maana mchana utahangaika kupata pa kula.

Njia ya kwenda inachekesha. Kisiwa kiko mashariki yetu, sisi tunapanda kwanza kaskazini hadi Dar es Salaam, halafu tunashuka tena kusini hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija. Ukijumlisha, unaruka zaidi ya kilomita 1,000 kufika mahali palipo umbali wa 370. Kwa kuwa ndivyo ilivyo, hatari kubwa ya safari nzima iko pale Dar, kwenye kuunganisha ndege. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, ya Mtwara–Dar na ya Dar–Hahaya, halafu ya kwanza ikachelewa, ya pili imekufa na hakuna wa kumdai. Air Tanzania inaruka njia zote mbili. Mwambie wakala akukatie tiketi moja yenye namba moja ya uhifadhi toka mwanzo hadi mwisho. Hapo ukichelewa kwa kosa la ndege, ni juu yao kukupeleka. Tena uache muda wa kutosha, kwani ndege za ndani na za nje zinatumia majengo tofauti pale Julius Nyerere.

Anayekwenda Dar kwa basi alale Dar usiku mmoja, bila mjadala. Kilomita 560 si mchezo, na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, watu walikaa njiani siku kadhaa. Ndege haikusubiri mtu.

Wapo watakaokunong'oneza habari za vyombo vya mizigo vinavyotoka huku kwenda Moroni. Hesabu mwenyewe: maili za bahari 200, chombo kinakwenda maili nane kwa saa, hizo ni saa 25 juu ya mifuko ya saruji kama bahari imetulia. Chombo cha mizigo hakina nafasi ya abiria wala bima ya abiria, na kinaondoka mzigo ukijaa, iwe leo au wiki ijayo. Mwenye likizo ya siku tano asikifikirie.

Pasipoti iombwe miezi miwili kabla. Fomu ni ya mtandaoni, ada yote ni shilingi 150,000, na kinachokwamisha watu ni jina la NIDA na la cheti cha kuzaliwa kutofautiana herufi: huku Saidi, kule Said. Rekebisha hilo kwanza. Komoro ni mwanachama wa SADC lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hati ya muda ya kusafiria ndani ya Jumuiya haikufikishi. Pasipoti ibakiwe na miezi sita au zaidi. Visa hutolewa ukishafika uwanjani, na ada iliyozoeleka ni euro 30 kwa kila mtu. Familia ya wanne ni euro 120 kabla hujanywa hata maji, na ni vyema ziwe taslimu. Wataulizia tiketi ya kurudi na mahali utakapofikia, basi vichapishe kwenye karatasi, usitegemee simu ambayo huenda haina mtandao. Kadi ya njano ya chanjo ibebwe humo humo.

Kuna kikaratasi cha kujaza ukifika, nacho kina Kifaransa. "Nom" ni jina la ukoo, "prénom" ni jina lako. Watu wetu hugeuza, kwa vile "nom" linafanana na "name" la Kiingereza, kisha jina la kwenye kikaratasi halifanani na la pasipoti na foleni nzima inakusubiri wewe. "Lieu de naissance" ni ulikozaliwa. "Date de délivrance" ni siku pasipoti ilipotolewa, haihusiani na kujifungua. Penye "adresse aux Comores" andika jina la hoteli na mji.

Pesa ndipo penye kilio. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro moja ni faranga 491.97, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo beba euro, si dola, na usibebe shilingi ukidhani utabadili kule. Chukua noti za 10 na 20; noti ya 50 ni karibu faranga 24,600, na dereva wa teksi hana chenji hiyo. Mashine za kutolea pesa zipo Moroni lakini ni chache, na nje ya mji usizitarajie. Exim ina benki kule, ila kuwa na akaunti Exim ya Mtwara hakukufanyi mteja wa kule. Kinachofanya kazi ni kadi ya Visa, tena uiambie benki yako kabla hujasafiri iifungue kwa matumizi ya nje. Pesa za kwenye simu zisahau kabisa. Hata mtandao wa Yas, ambao upo huku na kule kwa jina lilelile, ukifika ununue laini yao.

Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, soketi ni za matundu mawili ya mviringo. Chaja yetu ya pini tatu bapa haiingii hata ukilazimisha kwa kalamu, na tafadhali usilazimishe. Adapta inunuliwe huku. Magari yanapita kulia: mzazi amshike mtoto mkono na aangalie kushoto kwanza anapovuka.

Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemka. Ngazija haina mito, ardhi yake ni mawe ya volkano yanayomeza mvua yote, na nyumba nyingi hutumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye matangi. Kipindupindu nacho kiliisumbua Komoro mwaka 2024. Malaria ipo, lala kwenye chandarua. Nguo ziwe za heshima mjini. Mtu wa Mikindani au Kilwa hahitaji kufundishwa hilo.

Lugha isikutishe. Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili na nusu ya maneno utayadaka, ila mengine yatakuteleza. "Marahaba" kule ni asante, kwa hiyo mzee akikuambia marahaba usijiulize ni lini ulimwamkia. Mbili ni mbili na nane ni nane, lakini saba ni "mfukare" na tisa ni "shenda". Bei utatajiwa mara nyingi kwa Kifaransa: "mille" ni elfu moja, si milioni.

Siku tano zinatosha Ngazija peke yake. Mji wa kale wa Moroni na msikiti wake wa mwaka 1427 ni asubuhi moja, pamoja na makumbusho yenye samaki gombessa (coelacanth) aliyehifadhiwa, wa aina ile ile ya kale iliyovuliwa Songo Mnara kwetu mwaka 2003. Fukwe za Mitsamiouli na ziwa la chumvi ni siku nyingine. Karthala, mita 2,361, ni siku mbili na kiongozi wa kulipwa. Mwali kuna kasa wanaotaga Itsamia, lakini boti inaondokea Chindini, kusini kabisa, na bahari ikichafuka unakwama huko. Usiiweke siku ya mwisho. Na mtu akikuambia toka Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, kuna mashua ya usiku ya kwenda Mayotte, ujue ni kilomita 70 zilizokwisha kuua watu wengi mno, na visa ya Komoro haikuruhusu kukanyaga kule.

Faranga zitakazobaki zimalize kabla ya kupita ukaguzi Hahaya, kwani huku hakuna dirisha la benki litakalozipokea. Nunua vanila: ganda liwe jeusi, laini, linajikunja kidoleni bila kuvunjika. Likivunjika, limekauka, rudisha.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara